Siku Mbili Mlangoni pa Baba Daisuke

Nimechoka kusimulia hii safari vipande vipande. Mmoja ananishika nje ya kanisa, mwingine ananipata kwa duka la dawa ya mifugo, na kila mtu anaondoka na kipande chake, halafu wiki ijayo nasikia nilipigana na Wajapani. Kwa hivyo nimekaa chini nikaandika yote mara moja. Mnajua shule niliacha darasa la tatu. Trekta tatu za kupukuchua mahindi sikununuliwa na mtu, na hata haya maandishi sikuandikiwa na mtu. Msitafute Kiswahili cha redio hapa.

Nilienda kwa sababu ya Chebet. Ni mtoto wangu wa pekee, na mama yake tulimzika mwaka wa pili baada ya yeye kwenda Japani. Anafanya kazi mji wa Osaka, kwa nyumba ya kutunza wazee. Mwaka jana akapiga simu akasema amepata mtu anaitwa Daisuke, na wanataka kuandikisha ndoa ofisini. Nikamuuliza wazee wa huyo kijana wanakuja lini hapa kwetu Kiplombe.

“Baba, huku watu wanaandikisha tu.”

“Hata ng’ombe wangu nimewaandikisha kwa ushirika wa maziwa,” nikamwambia. “Hiyo haijawafanya kuwa bibi ya mtu.”

Kwetu msichana anaombwa. Watu wa kijana wanafika asubuhi, wanasimama nje ya lango, na sisi wenye msichana tunajifanya hatuwaoni. Baadaye mtu anatumwa kuwauliza: ninyi ni nani, mnatafuta nini? Hapo ndipo koito, maombi yenyewe ya msichana, inaanza. Nikamwambia Chebet kwamba bila hiyo hatapata neno la baraka kwa mdomo wangu. Akalia. Nikakata simu.

Miezi mitatu hatukuongea. Mvua ikanyesha, mahindi yakakauka, tukavuna, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikaona nikifa hivi nimempoteza mtoto juu ya neno moja. Lakini neno lenyewe sikuwa tayari kulimeza. Februari, mashine zikiwa zimelala, nikamtumia Chebet ujumbe wa siku ya kufika tu, nikaondoka kwenda kumtazama babake huyo kijana kwa macho yangu.

ELDORET MPAKA NAIROBI

Ndege ya Eldoret ilikataa kutua kwa sababu ya ukungu. Tulikaa saa tano tukiangalia ukungu huo huo ambao mimi nimekamulia ng’ombe ndani yake tangu nikiwa kijana bila kuchelewa hata siku moja.

Nairobi wakanisimamisha kwa sababu ya fimbo yangu. Msichana wa usalama, mdogo kuliko Chebet, akaniambia kwa heshima, “Mzee, fimbo haiwezi kuingia na wewe kwa ndege.”

“Mimi mwenyewe naweza kuingia?”

“Wewe unaweza.”

“Basi mimi na hiyo ni kitu kimoja.”

Akacheka, lakini hakulegea. Wakaifunga kwa plastiki, wakaiandikia karatasi, ikapita kwa mkanda pamoja na masanduku ikienda Osaka peke yake. Nilikaa kwa kiti nikiwa sijui mikono niiweke wapi.

JANGWANI

Tulibadilisha ndege kwa nchi ya Waarabu. Nilikaa hapo saa tisa. Ni nyumba kubwa kuliko mji wetu, sakafu inang’aa mpaka unaona viatu vyako mara mbili, na kila mtu anajua anakoenda. Chai niliyonunua ilikuwa maji ya moto na kamba yenye kijifuko. Nikamuuliza aliyeniuzia, “Maziwa iko wapi?” Akanipa kitu kidogo kama kifuniko cha dawa. Nikafungua, ikanirukia kwa koti.

Karibu yangu alikaa mama mmoja Mhindi, amezeeka kama mimi. Hatukuwa na lugha. Alimenya chungwa, akagawa katikati, akanipa nusu bila kuniangalia, vile mtu anampa mtu wa nyumbani mwake. Tulikula. Ndege yake ikaitwa, akaenda. Mpaka nafika Osaka, huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa amenitendea kama mtu, na jina lake sijui.

OSAKA

Chebet alinipokea akiwa amevaa barakoa, nikampita. Ni yeye aliyenishika mkono. Tulisalimiana kama watu wenye kesi. Ndani ya treni nilianza kumwambia habari ya ukungu, na watu wakaangalia chini. Akaninong’oneza, “Baba, huku kwa treni watu hawaongei.” Watu mia moja, goti kwa goti, kimya kama matanga. Nilinyamaza saa nzima na nilikuwa na maneno ya miezi mitatu.

Nyumba yake ni chumba kimoja. Ukinyoosha miguu unapiga jiko. Alikuwa amenipikia ugali wa unga wa mahindi mweupe aliotafuta sijui wapi, na mboga. Ugali ulikuwa laini, lakini nilimaliza. Kabla ya hapo alikuwa amenipitisha Dotonbori, mahali pa starehe pa huo mji, kwa sababu duka la babake Daisuke liko hapo.

“Ni lile lenye pazia la bluu,” akasema. “Leo tumechelewa na umechoka. Jumatatu wanafunga, tutakula pamoja. Mpaka siku hiyo tulia tu nyumbani.”

Ilikuwa Jumatano. Nitulie kwa chumba kama hicho mpaka Jumatatu, mimi? Njia nilikuwa nimeshaikariri. Ni barabara moja ya maduka yenye paa, unaingia upande huu unatokea upande ule, dakika ishirini na tano kwa miguu. Sikumwambia kitu.

ALHAMISI

Chebet akaenda kazi. Mimi nikavaa koti, nikachukua fimbo yangu, nikafika Dotonbori saa nne asubuhi.

Niwaambie kulivyo. Katikati kuna mfereji wa maji, na pande zote mbili majumba yamebebana. Kila duka linataka kupiga kelele kuliko jirani. Kuna kaa mkubwa kama trela amegongomelewa juu ya mlango, na miguu yake inatembea. Kuna picha ya mkimbiaji, ndefu kama nyumba ya ghorofa, ameinua mikono juu. Vijana wanapanga foleni wapigwe picha wakiinua mguu kama yeye. Mimi natoka mahali ambapo wakimbiaji wanakupita alfajiri ukipeleka maziwa, na huyo nilimwona amefurahi kabla ya kumaliza. Taa zinawaka mchana. Muziki kumi tofauti unatoka kwa milango kumi. Watu ni wengi kama soko siku ya kufungua shule, na wanakupita bila kukugusa, kama maji yanavyopita jiwe.

Pazia la bluu halikuwa nje bado. Duka lilikuwa limefungwa. Nikasimama.

Mtanielewa ninyi, kwa sababu wale wa kule Osaka wote niliwaeleza na wakatikisa kichwa. Mimi ni baba wa msichana. Nikiingia kwa nyumba ya kijana nimempeleka binti yangu sokoni mimi mwenyewe. Siingii. Lakini nikisimama nje, mwenye nyumba ataniona. Mtu mwenye adabu akiona mzee amesimama kwa mlango wake atatoka aulize ni neno gani. Kwetu hata mlevi akisimama kwa lango lako siku nzima, unatoka kuuliza.

Saa tisa mchana babake Daisuke akaja. Mzee mfupi, mwembamba, anatembea polepole, na mkono wa kushoto umefungwa bandeji ndani ya kiwiko. Nilimjua kwa picha aliyonitumia Chebet. Akaniinamia kidogo, kama anavyomwinamia kila mtu. Akafungua, akatundika pazia, akaanza kukaanga. Anauza nyama, vitunguu na viazi vikuu, vyote vimechomekwa kwa vijiti, vimepakwa unga na kutumbukizwa kwa mafuta. Viti ni vinane. Harufu ilinipata pale nje nikakumbuka sijala tangu asubuhi.

Kila mtu akiingia, mzee anapaza sauti kumkaribisha. Mimi akaniangalia mara tatu. Hakusema kitu.

Nilienda duka jirani kununua vitu vya mviringo kama maandazi madogo. Nikatia kimoja kwa mdomo. Ndani ni uji wa moto kama jivu, na katikati kuna kipande cha mnyama wa bahari mwenye miguu minane. Sikuweza kumeza, sikuweza kutema mbele ya watu. Macho yalitoa machozi. Wasichana wawili walipita wakanipiga picha. Nikarudi mahali pangu, nikasimama mpaka saa kumi na moja.

Nimewahi kuwa peke yangu. Nimelinda mahindi peke yangu Moi’s Bridge nikiwa na miaka kumi na sita. Lakini kule mtu akikuona anakuita jina au anakuita mwizi. Hapo Dotonbori niliangaliwa na watu elfu na sikuonekana na hata mmoja.

Chebet jioni akauliza, “Ulishinda vipi, Baba?”

“Nilitulia,” nikasema.

IJUMAA

Saa tano asubuhi nilikuwa pale tena. Siku hii pazia lilikuwa nje mapema. Baridi ilikuwa ile ya kupenya viatu. Nikasimama karibu zaidi, pembeni kidogo ya mlango, fimbo mbele, nionekane.

Watu wakawa wanakuja, wananiona, wanapita. Kijana na msichana wake walitaka kuingia, wakaniangalia kutoka juu mpaka chini, wakaenda duka lingine. Nilifikiri ni mambo yao. Kumbe mzee ndani alikuwa anahesabu.

Saa nane akatoka. Nikasema sasa ataniuliza. Nikanyoosha mgongo. Akaniangalia usoni, akainua mikono yake miwili, akaikutanisha mbele ya kifua kama msalaba uliolala. Alama ya kosa. Ile ile mwalimu aliyokuwa akiweka kwa daftari langu mpaka nikaacha shule. Akasema neno moja fupi, akarudi ndani.

Nikajua binti yangu amekataliwa.

Sikukasirika, na hilo lilinishangaza. Nilitafuta mahali pa kukaa sikupata, kwa sababu huo mji hauna benchi. Nikakaa kwa ukuta wa mfereji. Nilifikiria nitamwambia Chebet nini. Niliona miezi mitatu ikiwa mitatu mingine, halafu miaka.

Mtu akasema juu ya kichwa changu, “Shikamoo mzee.”

Ni kijana wa miaka arobaini hivi, mweusi, koti refu, ameshika karatasi za kugawa. Anaitwa Juma, mtu wa Tanga, na kazi yake ni kusimama barabarani akivuta watu waende kwa baa ya tajiri wake.

“Mzima,” nikamjibu. Hiyo shikamoo sisi wa Eldoret hutukuta hatujajipanga.

“Samahani mzee, nimekuona tangu jana. Unasimamia baa gani?”

“Baa?”

“Sisi wengine tumegawana kona. Pale mlangoni pa mzee wa vijiti hapasimamiwi, hapendi. Amekupiga ile alama?”

“Amenipiga.”

“Basi ndiyo hivyo. Amedhani wewe mpiga debe kama mimi. Unamfukuzia wateja, mzee wangu.”

Trekta tatu, ploti mbili Kimumu, mzee wa kanisa, na nimeonekana mpiga debe wa baa. Halafu nikaanza kucheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, lakini kilitoka mpaka Juma akakaa kando yangu. Nikamweleza yote. Alisikiliza ameshika zile karatasi. Mwisho akaniuliza, “Kwa hiyo mabinti wa huko bado wanaombwa hivyo?”

“Bado.”

“Mimi wa kwangu ameolewa mwaka jana,” akasema. “Nilitumiwa video.” Akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwa pazia la bluu, akaingia.

Sikumtuma. Lakini kwa koito lazima uwe na msemaji, na msemaji wangu akawa mpiga debe kutoka Tanga.

Babake Daisuke akatoka mbio, kama mtu mwenye mwili ule anaweza kukimbia. Unga ulikuwa kwa mikono. Akainama mpaka nikaona upara wake, akakaa hivyo hivyo, hainuki. Juma akasema, “Anaomba msamaha. Anasema uingie.” Mzee akainua mkono, kiganja chini, akachezesha vidole, vile vile kwetu tunavyomwita mtu. Kitu cha kwanza Japani nilichoelewa bila kuambiwa.

“Mwambie siwezi,” nikasema. “Yeye ndiye anafaa kuja kwangu.”

Juma akashusha pumzi. “Hilo mzee wangu mwite binti yako aseme mwenyewe.” Akarudi kwa kona yake, akaanza kuwaita watu.

Nikampigia Chebet, akafika saa kumi na moja na nguo za kazi, Daisuke nyuma yake. Kijana mrefu kidogo, masikio yamewiva kwa baridi. Akainama kama babake. Chebet hakuinama.

“Siku mbili, Baba? Siku mbili umesimama hapa kama mlingoti?”

“Nilikuwa nangoja kuulizwa.”

“Nani akuulize? Hapa wanapita watu kama siafu.” Akafuta pua. “Unataka nini hasa? Sema mara moja niwaambie.”

“Nataka asimame kwa lango langu Kiplombe, aombe.”

“Hawezi. Anasafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Jana ulimwona na bandeji? Akikosa mara mbili anakufa. Kwa hilo duka ndipo maisha yake yote yako, na hospitali. Kwa nini unafikiri sikukwambia? Ungesema ni kisingizio.”

Ningesema. Nilimwangalia yule mzee aliyesimama na unga mikononi akingoja kuambiwa kesi yake ni gani. Daisuke alikuwa anamtafsiria polepole. Mzee akauliza kitu, Chebet akaniambia:

“Anauliza, kwenu lango lenyewe likoje?”

“Ni lango tu. Sisi tuko ndani, wao wako nje.”

Akatafsiri. Mzee akafikiri. Akaingia dukani. Watu watatu waliokuwa wanakula wakatoka na vijiti vyao mkononi, wakicheka kwa heshima. Akazima moto wa mafuta, akavua aproni, akavaa koti. Akatuonyesha mlango, mimi na Chebet. Mimi nikaangalia binti yangu. Yeye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Tukaingia. Mzee akausukuma mlango ukafungika, yeye na mwanawe wakabaki nje barabarani.

NDANI

Nilikaa kwa kiti cha mwisho, karibu na ukuta. Mafuta yalikuwa bado yanapiga kelele ndogo. Pazia lilifika katikati ya kioo, kwa hivyo niliona miguu tu. Miguu elfu inapita, na minne imesimama. Viatu vya babake Daisuke vilikuwa vya mpira, vyeupe.

Chebet akakaa kando yangu. Halafu nikamwambia habari ya ukungu wa Eldoret ile nilikatazwa kwa treni. Nikamwambia ng’ombe gani amezaa. Nikamwambia kaburi la mama yake limejengewa. Yeye akaniambia kuna mzee mmoja kazini kwake ambaye humwita kwa jina la dadake aliyekufa zamani, na Chebet huitika. Tuliongea kama mtu na mtoto wake, jikoni, na nje ulimwengu mzima unapiga muziki.

“Baba,” akasema, “wafungulie. Kuna baridi.”

“Watu wangu walikaa nje kwa kina mama yako kutoka asubuhi mpaka ng’ombe wakarudi.”

“Hao hawakuwa wanasafishwa damu.”

“Kidogo tu.”

Nitasema ukweli kwa sababu niliahidi kuandika yote. Haikuwa mila iliyoniweka kwa kile kiti. Nilijua nikifungua mlango, huyu aliye kando yangu atakuwa mtu wa kwao. Nilipata nililokuja kulitafuta, na nilikuwa nalishikilia lisifike. Nikaona kiatu kimoja cheupe kimeinuka, kimepumzishwa juu ya kingine, kimerudi chini. Nikasimama.

Nikafungua. Taa zote za Dotonbori zilinipiga usoni. Nikauliza kwa sauti, vile baba yangu alivyowauliza watu waliokuja kwa dada zangu:

“Ninyi ni nani, na mnatafuta nini hapa kwangu?”

Chebet akatafsiri, yeye mwenyewe anayeombwa. Watu wengine wakasimama kutazama. Mzee akajibu taratibu, na Chebet akanirudishia:

“Anasema yeye ni mkaangaji. Ana mtoto mmoja tu. Anasema wamesikia hapa kuna …” Hapo sauti ikakatika. Akaanza tena. “Wamesikia hapa kuna msichana.”

“Yuko,” nikasema. Nikamgeukia. “Chebet, unawajua hawa watu?”

“Nawajua, Baba.”

“Niwafungulie?”

“Fungua.”

Nikasogea kando, wakapita. Mikono ya mzee ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Nikaweka mkono wangu kwa kichwa cha Chebet, nikasema yale maneno ya baraka kwa lugha yetu, yote, sikupunguza. Halafu mzee akawasha moto, tukala vijiti. Vitunguu ni vizuri. Kile cha mnyama wa miguu minane nilimwachia Daisuke.

KURUDI

Njia ya kurudi haina hadithi. Hakukuwa na ukungu. Wanne walinisindikiza, Juma akiwa mmoja wao, na wote walinipungia mkono mpaka nikakata kona. Saa zile za jangwani nililala.

Sasa nimekaa Kiplombe wiki ya tano. Chebet ananipigia kila Jumapili baada ya kanisa, hajakosa. Tunaongea hata nusu saa. Miaka yote tangu aende, mimi ndiye niliyekuwa nikimaliza kwa kumuuliza atakuja lini. Jumapili iliyopita, kabla sijafika hapo, akanitangulia.

“Baba, utakuja lini tena kututembelea?”

Nikamwambia nitaangalia, kwanza tupande mahindi.